KUKAA KIVULINI SI UVIVU



Kwetu Kibokoni, jua la saa saba likichoma, wazee huhamia baraza ya upande wa kivuli, wala hakuna awaitaye wavivu. Lakini sisi wa relini, mtu akisimama kunywa maji huambiwa anategea kazi. Siku za kaskazi mwenzetu mmoja alianza kusema maneno yasiyoeleweka, kisha akaanguka. Tulimweka kivulini, tukammwagia maji, tukampeleka hospitali. Alipona.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri kuweka maji safi ya kunywa. Basi tuyadai kwa umoja. Tunywe kabla ya kiu, tuvae kofia, tupumzike kivulini. Reli haikimbii, uhai ukitoka haurudi.