Kijiji kilichojifungia

Katika vilima vya Derbyshire, nchini Uingereza, kiko kijiji kidogo kiitwacho Eyam. Mwaka 1665 fundi wa nguo wa huko aliletewa vitambaa kutoka London, mji uliokuwa ukiangamizwa na tauni. Mwezi wa Septemba msaidizi wake, George Viccars, akafa, wengine wakamfuata.

Mwezi wa Juni 1666 mchungaji wao, William Mompesson, aliwasihi wasikimbie, wasije wakaupeleka ugonjwa kwa jirani. Wakakubali. Watu wa nje waliwawekea chakula mpakani, nao waliacha fedha ndani ya siki. Ibada zilifanywa bondeni, chini ya mbingu. Kila jamaa ilizika wafu wake. Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita kwa siku nane, kwa mikono yake mwenyewe. Catherine, mke wa mchungaji, naye alifariki.

Tauni ilipokwisha mwaka ule, watu wapatao 260 walikuwa wamekufa. Lakini vijiji vya jirani vilisalimika. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Agosti, Eyam huwakumbuka.

Kumpenda jirani kwa maneno ni rahisi. Wao walimpenda kwa kubaki nyumbani.