Tupate Gari Lisilosubiri Kujaa

Ndugu msomaji wa Migori, nawe wa Homa Bay, wajua fedheha ya stendi. Makanga anakuita, "Bado mmoja, tunatoka!" Ukishaketi, waliokuwa ndani wanaanza kuteremka mmoja mmoja, kumbe ni vijana wa stendi waliopangwa vitini wakuhadae. Mama aliyeshika kadi ya kliniki mapajani hata haulizi tena tutaondoka lini. Akifika Rongo, inapochepuka barabara ya Rodi Kopany na Homa Bay, atashuka, atalipa upya na kungoja upya, pengine katika Probox ambamo abiria hupakatana.

Wengi wetu hupaza sauti: serikali inunue mabasi! Tusidanganyane. Ilishanunua. Mabasi ya Nyayo yalianza mwaka 1986, nauli yake nafuu, watu wakayapenda. Miaka ya tisini haijaisha, shirika likawa limekufa kwa uongozi mbaya na magari kukosa matengenezo. Tukirudia hayo tutajaza tu yadi za kaunti vyuma chakavu.

Na mwenye matatu tusimtukane bure. Anangoja kwa sababu kila kiti kitupu kinamla mfukoni, peke yake. Mwondolee hasara hiyo uone kama hataondoka kwa saa. Kaunti iingie mkataba na sacco zilizopo, izilipe kwa kilomita, mradi gari liondoke kwa wakati, lijae lisijae. Na tiketi iliyokatwa Migori ikubalike Rongo bila maneno.

Sheria haitufungi mikono. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti usafiri wa umma wa barabarani, na kifungu cha 189 kinaziruhusu kuunda mamlaka ya pamoja. Dar es Salaam, mabasi yaendayo haraka yalipoanza 2016, ilibidi kwanza yajengewe njia zake. Sisi hatuna msongamano wa kutudai gharama hiyo.

Basi magavana wawili wakutane na wenye sacco, tena papo hapo Rongo, waanze na safari mbili tu kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri. Nanyi waheshimiwa wa mabunge ya kaunti, bajeti ijayo ikiwafikia mezani, tengeni fungu la kulipia kiti kitupu.