Mbwa Ni Najisi, Machozi ya Mtoto Si Najisi



Ndugu zetu katika imani, wazazi na wanafunzi. Hapa Nchelenge yamesemwa maneno ambayo hatuwezi kuyanyamazia, kwa sababu yamesemwa kwa jina la Dini. Kijana mmoja wa madrasa, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Kongo mwaka 2017 pamoja na maelfu ya wakimbizi, wakapokelewa Kenani kisha wakahamishiwa Mantapala, amefiwa na mbwa wake. Alimwokota akiwa mdogo, ameachwa na wenyewe waliokimbia vita, akamlea kwa makombo ya ugali. Juzi mbwa huyo akagongwa na gari. Kijana akalia. Watu wazima, tena wenye kuswali, wakamcheka. Wakamwambia kulilia najisi ni dhambi, na mzoga ukatupwe ziwani.

Tunauliza: dalili iko wapi?

Sisi ndio tunaowasomesha watoto Safiynatun-Najaa, na mlango wa najisi tunaujua. Katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi‘iy, ambayo wengi wetu tunayafuata, mbwa ni najisi nzito, na chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo hatulilegezi. (Imaam Maalik anaona mbwa ni twahara, na kule kuosha ni ibada tu. Tunalitaja ili ijulikane kwamba wanachuoni wamekhitalifiana.) Lakini huo ni mlango wa twahara. Unakufundisha kuosha sahani na nguo, haukufundishi kumcheka mwenye huzuni. Damu nayo ni najisi. Mama akimpangusa mwanawe damu ya goti huku akilia naye, nani atamcheka?

Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) amesimulia, kama ilivyopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, habari ya mtu aliyemkuta mbwa akiramba udongo kwa kiu. Akateremka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha, na Allaah Akamghufiria. Angalieni, hakuambiwa kwanza akaoshe kiatu. Na katika Suuratul-Kahf Allaah Amemtaja mbwa wa vijana wale wa pangoni, amenyoosha miguu yake mlangoni, na Anapotaja idadi yao humtaja pamoja nao. Aya hiyo watu wanaisoma kila Ijumaa, kisha wanatoka nje na kumrushia mbwa jiwe.

Ama kuhusu huzuni yenyewe, Abu ‘Umayr, mdogo wake Anas bin Maalik, alikuwa na kindege akikichezea, kikafa. Mtume akamkuta ana huzuni, akamuuliza habari za kindege chake kwa maneno ya upole, kama anavyosemeshwa mtoto. Hakumwambia ni ndege tu. Mtu atasema: kindege si najisi, mbwa ni najisi. Sawa. Basi atuonyeshe ni wapi Shari‘ah imesema moyo wa mtoto uhuzunike kwa kipimo cha twahara. Kilichokatazwa ni kuomboleza kwa kupiga mayowe, kujipiga mashavu na kupasua nguo, na hayo yamekatazwa hata kwa maiti ya binadamu. Machozi hayakukatazwa. Mtume mwenyewe alilia alipofariki mwanawe Ibraahiym.

Na hawa wanaocheka, tunawajua. Usiku samaki wao wa chisense wameanikwa mchangani Kashikishi, nani anawalinda? Mbwa. Duka likifungwa, nani analala mlangoni? Mbwa, tena amefungwa kamba fupi, na maji hapewi mpaka mtu akumbuke. Akiwa mlinzi hatusikii neno najisi. Neno hilo linatoka siku mtoto wa mkimbizi anapolia. Huko si kushika Dini, ni ukatili uliovishwa kanzu.

Tusifahamike vibaya. Hatusemi mbwa alale kitandani. Hadiyth za Malaika kutoingia nyumba yenye mbwa, na za kupungua thawabu za anayemfuga bila haja, ni sahihi. Walioruhusiwa ni mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanachuoni wengi wamelinganisha na hao mbwa wa kulinda nyumba. Mbwa wa kijana huyu alikuwa akikaa nje na kulinda mihogo ya mama yake dhidi ya nguruwe wa jirani. Haja gani nyingine mnayoitaka?

Tena hatusemi awekewe matanga wala dua ya maiti, na mtoto akitaka kufanya hivyo afundishwe taratibu. Akiuliza kama atamwona Peponi, mwambieni kwamba watu wa Peponi watapata kila nafsi zao zitakachokitamani, na hiyo ni ahadi iliyomo katika Qur-aan.

Ama kuhusu kutupa mzoga ziwani, hapa ndipo tunaposhangaa kabisa. Ziwa Mweru ndilo tunalochota maji, tunatia wudhuu, tunavua. Wilaya hii kipindupindu kimeipiga zaidi ya mara moja. Mtume amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, nanyi mnatupa mzoga mahali wanawake wanapojaza ndoo? Mzoga huchimbiwa shimo la kina, mbali na visima. Mshikeni kwa gunia kavu, na palipogusana na unyevu paoshwe mara saba kama mnavyojua.

Mwenye dalili kinyume cha haya aje nayo madrasa baada ya swalah ya Al-‘Aswr. Tutamsikiliza mbele ya wanafunzi.

Wa-Allaahu A‘lam.