Nyumba ya Rais na Mahame ya Mtu Huru

Wiki hii safu yetu inavuka bahari hadi jimbo la Illinois, katikati ya Marekani. Ni nchi tambarare, yenye mashamba makubwa ya mahindi na barabara zilizonyooka. Mwenye gari atokaye Springfield, mji mkuu wa jimbo, akielekea magharibi uliko mto Mississippi, aweza kuzuru kwa siku moja mahali pawili panapotunzwa na serikali ya nchi hiyo. Pa kwanza pana mengi ya kutazamwa. Pa pili karibu hapana kitu.

Pa kwanza ni nyumba ya Abraham Lincoln mjini Springfield. Aliinunua mwaka 1844, na ndiyo nyumba pekee aliyopata kuimiliki. Aliishi humo na mkewe Mary na watoto wao hadi Februari 1861, alipokwenda kushika urais. Wageni huongozwa chumba hata chumba. Lincoln aliuawa Aprili 1865, na kaburi lake limo katika mji huo huo.

Kutoka hapo, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari humfikisha msafiri karibu na mji mdogo wa Barry. Hapo ndipo ulipokuwa mji wa New Philadelphia. Leo ni mahame: majani, njia ya miguu na mabango ya maelezo. Misingi ya nyumba imelala chini ya udongo.

Aliyeuanzisha mji huo ni Frank McWorter, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1777. Huko Kentucky bwana wake alimruhusu kufanya vibarua, naye Frank akaweka akiba, hasa kwa kutengeneza shura, yaani chumvi itiwayo katika baruti. Mwaka 1817 alikuwa na dola 800. Hakujikomboa yeye. Alimkomboa mkewe, Lucy, aliyekuwa mja mzito. Maana kwa sheria ya wakati ule mtoto alifuata hali ya mama yake. Mtoto yule akazaliwa huru. Baba alibaki utumwani hadi mwaka 1819.

Mwaka 1836 Frank alipima mji wa viwanja 144 huko Illinois, akaviuza kwa watu weusi na weupe. Fedha zake zikaendelea kuwakomboa watoto. Kwa jasho lake, na kwa wasia alioacha alipofariki mwaka 1854, watu 16 wa ukoo huo, yeye akiwamo, walipata uhuru. Mwaka 1869 reli ilijengwa bila kupita mjini, na wakazi wakahama kidogo kidogo. Desemba 2022 mahame hayo yakaingizwa katika hifadhi za taifa.

Lincoln alipigania uhuru kwa kalamu na majeshi. Frank hakuwa na jeshi. Alikuwa na mikono yake, na alijua nani atangulie. Mlinzi wa nyumba hutangulia penye hatari, na penye faraja hubaki nyuma.

Basi, nanyi mpatapo likizo, msipite mahame ya kwenu bila kuuliza. Waulizeni wazee palikuwa pa nani, nanyi wasimulieni watoto, kabla majani hayajafunika na majina pia.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.