Bi Harusi, Kinyongo Si Kukosa Imani



Nawaandikia kutoka Kisawasawa, bonde la Kilombero, kwenye mpunga. Huku mke hulima, akapalilia, akaamia ndege, akavuna. Magunia yakishauzwa, nyumba nyingine pesa hushika mume peke yake, na mke hajui hata zimepatikana ngapi. Akinuna huambiwa, "Subiri, mke mwema hana kinyongo." Na makungwi humwambia hivyo hivyo bi harusi, hata kabla hajavua gauni nililomshonea. Leo nayapinga.

Subira ni ibada, sikatai. Ila subira haijawahi kuwa ruhusa ya mtu kula haki ya mwenziwe.

Mkumbukeni Bibi Khawla bint Thaalaba. Mumewe alimwambia kwake yeye ni kama mgongo wa mama yake, kama walivyowaacha wake zao watu wa Jahiliya. Hakujifungia ndani akanuna. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.), akajadiliana, akamshitakia Mola wake. Aya zikashuka, desturi ile ikavunjwa, mume akawekewa kafara: aache huru mtumwa, asipoweza afunge miezi miwili mfululizo, asipoweza alishe maskini sitini. Sura ikaitwa Al-Mujadila. Nani alimwambia amekosa imani?

Na hapa petu, mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwenyewe hakupata alichodai, lakini waliokuja nyuma yake wamesimama juu ya neno hilo.

Kinyongo ni pini iliyosahauliwa kwenye mshono. Ukivumilia, itakuchoma kila ukiinama. Vua nguo, itafute ilipo.

Jiulize: nataka cha mwenzangu, au naulizia changu? La kwanza ni husuda, tubu. La pili ni haki, iseme. Kwa adabu, kwa mume kwanza, kisha wazee, kisha shehe.

Na wewe ambaye hujaolewa, uliza kabla ya nikaha: mavuno yetu, au faida ya duka langu, atashika nani? Jibu lisikike mbele ya walii wako.

Makungwi wetu, mfundisheni mwari kusubiri, na mfundisheni kudai. Wabillahi tawfiq.