WATEJA WA DEPO NI MALI YA NANI?

Ndugu wa mgodini, ndugu wa Kamalondo, Katuba, Ruashi na Kenya! Bia mnayokunywa siku ya mshahara haitoki kiwandani kwa miguu. Yuko mwenzenu aliyenunua kamio kwa mkopo, akajenga depo ndani ya lupango yake, akalipa dhamana ya chupa na makasha, akatafuta wateja baa kwa baa. Siku moja yaja barua ya mistari mitatu: kontra imekwisha. Wateja wanapewa mwingine. Deni linabaki kwake, na wapakiaji wake wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Wabeleji jibu walilijua. Tarehe 27 Julai 1961, mwaka mmoja tu baada ya sisi kujitawala, walitunga sheria kwao: anayevunja kontra ya muuzaji wa pekee, kontra isiyo na mwisho, sharti atoe muda wa haki au alipe fidia. Tena anaweza kudaiwa thamani ya wateja walioletwa, na fedha za wafanyakazi wanaoachishwa. Wenye maduka wa kule wakalindwa. Sisi tukabaki na dekreti ya 1888, ya zamani za Leopold, isemayo mapatano yatimizwe kwa nia njema. Nia njema! Nani atakwenda kuithibitisha mbele ya Tribunal de commerce, naye hana tena fedha ya avoka?

Tuliingia OHADA mwaka 2012. Sheria yake humpa wakala muda na fidia. Lakini wakala huyo ni yule auzaye kwa jina la mwingine. Mwenye depo hununua kwa fedha yake, basi anaambiwa: wewe si wakala, wewe ni mfanyabiashara huru. Uhuru gani huu, ikiwa bei anapangiwa na mtaa anapangiwa?

Wako watakaosema mwenye depo naye ni bwana mdogo anayewabana wapakiaji. Kwa wengine ni kweli. Hatumwombei sadaka.

Tazameni Kenya, ile nchi, si mtaa wetu. Bia Tosha Distributors walidai kwamba walilipa zaidi ya shilingi milioni 38 kwa ajili ya njia zao za kuuzia, wakaishitaki Kenya Breweries mwaka 2016. Kampuni ikasema kontra inataka ugomvi uende kwa msuluhishi. Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2020. Tarehe 17 Februari 2023 Mahakama ya Juu ikakataa: kesi isikilizwe mahakamani, maana haki za katiba huifunga hata kampuni. Miaka saba ilipita kwa kubishana mlango wa kuingilia tu!

Tunawataka wabunge wetu watunge sheria: muda kwa kadiri ya miaka ya kazi, thamani ya wateja, na mishahara ya wapakiaji, vyote vilipwe kabla mtaa haujapewa mtu mwingine. Na wewe mwenye depo, kabla hujatia sahihi, tafuta ibara ya usuluhishi, uone ugomvi wako utasikilizwa mji gani, na kwa gharama ya nani.