'A' ya uti wa mgongo si ya darasani

Mtoto akianguka kutoka juu ya mwembe au akigongwa na bodaboda, na miguu ikakataa kufanya kazi, kwenye faili lake hospitalini huandikwa herufi moja: A, B, C, D au E. Mzazi aliyezoea ripoti za shule akiona A anaweza kushusha pumzi. Hapa mambo ni kinyume: A ndiyo mbaya kuliko zote, na E ni hali ya kawaida.

Herufi hizo ni za kipimo cha ASIA, chama cha wataalamu wa majeraha ya uti wa mgongo cha Marekani, na hutumika nchi nyingi. Hakihitaji mashine. Daktari hugusa kwa pamba na pini sehemu 28 kila upande wa mwili, kisha hupima misuli 10 kila upande, mitano ya mkono na mitano ya mguu, kwa alama 0 hadi 5. Anayepata 3 anaweza kuinua kiungo mwenyewe, lakini kikikandamizwa kidogo tu anashindwa.

Kinachowashtua wazazi wengi ni hatua ya mwisho: daktari huvaa glovu na kuingiza kidole kwenye njia ya haja kubwa. Hakuna udhalilishaji hapo. Neva za eneo hilo hutoka mwisho kabisa wa uti, hivyo mtoto akikihisi kidole au akiweza kukibana, kuna ujumbe unaopita mahali palipoumia. Asipohisi wala kubana, hiyo ni A. Akihisi lakini misuli ya chini ya jeraha imelala, ni B. C na D ni za wale ambao misuli hiyo imeanza kuitika. Kwa D, angalau nusu yake imefikia alama 3.

Herufi ya siku ya kwanza inaweza kubadilika. Uti ulioumia huweza kuzima kwa muda, ndiyo maana kipimo kinachorudiwa baada ya saa 72 hivi huaminika zaidi. Mzazi ana haki ya kuuliza kitarudiwa lini.

Kwa watoto wa chini ya miaka sita hivi kipimo hiki ni kigumu, maana hawajui kueleza wanachohisi. Tena mifupa yao hunyumbulika: eksirei yaweza kuonekana safi kumbe uti umeumia. Mtoto anayelalamika ganzi au miguu kulegea baada ya kuanguka arudishwe kwa daktari, hata kama picha haikuonyesha kitu.

Na kabla ya hospitali kuna wasamaria wema wanaomshika majeruhi mikono na miguu, wakampandisha bodaboda mishikaki. Mfupa uliovunjika bila kugusa uti unaweza kuukata hapo hapo. Alazwe chali juu ya ubao au mlango uliong'olewa, mtu mmoja ashike kichwa kisiyumbe, na wengine wamgeuze kwa pamoja, kama gogo.